Alituambia sisi wote, Joe hakumwambia



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya kwanza, binti mmoja wa kwaya yetu alinisubiri mlangoni. Yuko chuo mwaka wa pili, anasoma fasihi ya Kiingereza, na anajua kwamba kabla ya kustaafu nilifundisha somo hilo miaka mingi. "Shikamoo mwalimu," akasema, "nina swali, lakini ni la kazi ya chuo, siyo la Biblia." Nikaitikia na kumwambia aulize tu, mradi lisiwe la kitabu cha Ufunuo.

Walikuwa wamepewa riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, na kazi yao ilikuwa kumpima anayeisimulia. Je, huyu Pip anayetuambia habari zake mwenyewe ni mtu wa kuaminika? Tabia yake ni ya namna gani? Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ile ya darasani ambayo mke wangu anasema haijastaafu. Nikasema Pip ni mkweli. Ukitaka msimulizi anayejianika mwenyewe bila kuogopa aibu, ndiye huyo.

Binti akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa mwalimu. Ila mbona hamwambii Joe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nina wageni nyumbani, jambo ambalo nalo halikuwa kweli. Nikaenda zangu, nikakitoa kitabu kabatini, nikakisoma upya tangu ukurasa wa kwanza. Nimekimaliza juzi. Leo, kwa ruhusa yako, naomba tufikiri pamoja juu ya swali la yule binti, maana naona linatuhusu sisi tunaosimama kanisani kila Jumapili na kushuhudia.

Kwa asiyekijua kitabu, habari yenyewe ni hii. Dickens aliitoa kwa vipande, wiki baada ya wiki, katika gazeti lake mwenyewe kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Pip ni yatima anayelelewa na dada yake, mwanamke mkali wa mkono na ulimi, aliyeolewa na mhunzi aitwaye Joe Gargery. Joe ni mtu mkubwa wa mwili, mpole, hajui kusoma, na katika nyumba ile ndiye rafiki pekee wa mtoto. Mkesha wa Krismasi, Pip akiwa makaburini kwa wazazi wake, anakamatwa na mfungwa aliyetoroka, pingu bado ziko mguuni. Mfungwa anamtisha: kesho aletewe chakula na tupa ya kukatia chuma, la sivyo atakiona. Mtoto anaiba chakula kwa dada yake, anachukua tupa katika karakana ya Joe, anampelekea.

Miaka inapita. Wakili anakuja na habari kwamba kuna mtu asiyetaka kutajwa ambaye atamgharimia Pip awe muungwana wa London. Pip anaondoka na kujifunza kuvaa, kula na kutapanya, na pia kumwonea aibu Joe. Anadhani mfadhili wake ni mama mmoja tajiri wa kwao, Miss Havisham. Kumbe ni yule mfungwa, Magwitch, aliyepelekwa Australia, akachuma mali huko, akaamua kumlipa mtoto aliyempa chakula.

Sasa, kwa nini miaka yote nilimwita Pip mkweli? Kwa sababu hajitetei. Wengi wetu tukisimulia habari zetu, hata zile za kujilaumu, tunachagua makosa yenye heshima. Mtu atasema kanisani, "Nilikuwa mlevi, nilikuwa jambazi, nilikuwa mtu wa kuogopwa." Makosa makubwa yana ukubwa wake, na anayeyataja anabaki mkubwa. Pip anataja yale madogo, yenye kunuka. Joe alipokwenda London kumtembelea, Pip anatuambia waziwazi kwamba kama angeweza kulipa fedha ili Joe asifike, angelipa. Anatueleza jinsi Joe alivyokaa na nguo zake za Jumapili zisizomkaa, asijue aiweke wapi kofia yake, akaiweka ukingoni juu ya meko, nayo ikawa inaanguka kila mara na yeye kuidaka. Anatuambia jinsi Joe alivyochanganyikiwa akawa anamwita "bwana". Na anatuambia kwamba yeye Pip, badala ya kuona huruma, alikasirika.

Halafu anafanya jambo ambalo waongo hawalifanyi. Anampa Joe maneno ya mwisho. Kabla ya kuondoka Joe anamwambia kwa upole kwamba kosa si la mtu yeyote, ila yeye akiwa mjini na nguo zile hayuko mahali pake. Mahali pake ni karakanani, na siku Pip akitaka kumwona, apitishe kichwa dirishani pale, atamkuta Joe yule yule wa zamani. Ukisoma sura hiyo unampenda Joe na kumchoka msimulizi. Pip ndiye aliyeipanga ikae hivyo. Msimulizi mwongo hupunguza wema wa yule aliyemkosea, japo kidogo, ili mizani isimlemee sana.

Kuna pengine ambapo anakwenda mbali zaidi. Anasafiri kurudi kijijini kwao, na moyoni anajua kabisa kwamba inampasa alale kwa Joe. Njiani anaanza kutunga sababu. Nitawasumbua, hawakuniandalia kitanda, yule mama tajiri atakuwa mbali. Mwisho anapanga chumba katika nyumba ya wageni iitwayo Blue Boar. Na anatukiri kwamba kati ya matapeli wote duniani hakuna kama anayejitapeli mwenyewe, kwa sababu fedha bandia amezitengeneza kwa mkono wake na bado anazihesabu kama halali. Mimi nilipofundisha sura hiyo nilikuwa nasimama kidogo, nawatazama wanafunzi, naona wengine wanainamisha macho. Nani hajawahi kutafuta sababu ya kutolala kijijini kwa ndugu zake?

Basi, mtu anayejijua hivyo utamwitaje kama si mkweli?

Lakini turudi kwenye tupa.

Siku ile ya Krismasi askari walikuja nyumbani kwa Joe kutengenezewa pingu, kisha wakaenda kumsaka mfungwa kwenye kinamasi. Joe akamchukua Pip mgongoni, wakafuatana nao. Magwitch alipokamatwa alifanya jambo la ajabu. Mbele ya watu wote akasema kwamba chakula kilichopotea kwa mhunzi alikiiba yeye. Alisema uongo ili kumsitiri mtoto. Na Joe, ambaye ndiye mwenye mali, akamjibu kwamba alichokula ni halali yake, hawawezi kumtakia binadamu mwenzao afe njaa. Hebu wazia: mwizi anamsitiri mtoto, mwenye mali anamsamehe mwizi, na kati yao yuko mtoto anayejua kila kitu, kimya.

Pip anatuambia kwa nini alinyamaza. Hakuwa na uchungu sana kwa ajili ya dada yake. Alimpenda Joe, na aliogopa Joe akijua atamwona mbaya kuliko alivyokuwa kweli. Aliogopa kukaa jioni karibu na moto na kumwona Joe akimtazama, asijue anawaza nini. Anasema kwa kinywa chake kwamba alikuwa mwoga mno kutenda lililo sawa, kama alivyokuwa mwoga mno kukataa lisilo sawa.

Mtu atasema alikuwa mtoto, mwache. Sawa. Ila si kwamba hakujua kuungama kwa Joe. Baadaye kidogo, aliporudi kutoka kwa Miss Havisham mara ya kwanza, aliwadanganya watu wa nyumbani kwa uongo wa kitoto: kwamba yule mama amekaa ndani ya gari la mahameli jeusi, na mbwa wakubwa wanne wanagombania nyama katika kikapu cha fedha. Jioni ile ile alimfuata Joe karakanani kabla moto haujazimwa, akamwambia yote ni uongo. Joe akamwonya kama baba, akamwambia aliweke jambo hilo katika sala zake na asirudie. Ikaisha. Njia ya kwenda kwa Joe ilikuwa wazi, na Pip aliijua. Aliipita na uongo mwepesi mkononi, na ule mzito akauacha nyumbani.

Tena mzigo ukaongezeka. Pip akiwa kijana, dada yake alipigwa kichwani na mtu asiyejulikana, akabaki hawezi kusema sawasawa mpaka alipokufa. Kando yake palikutwa pingu ya mguu iliyokatwa kwa tupa. Pip akaitambua. Hakumpiga yeye, lakini silaha alisaidia kuipata. Siku nyingi alijadiliana na nafsi yake kama amwambie Joe habari yote tangu utoto. Kila siku akaona siyo leo. Siri, anasema, ilikuwa imeota ndani yake mpaka imekuwa sehemu ya mwili wake. Na halafu sababu moja iliyonishtua niliposoma safari hii: aliogopa kwamba Joe hatamwamini, ataona ni hadithi nyingine kama ile ya mbwa na kikapu cha fedha.

Nimetafuta tangu hapo hadi ukurasa wa mwisho mahali ambapo Pip anakaa na Joe na kumwambia: kaka, ile tupa niliiba mimi. Kitabu hakionyeshi mahali hapo. Nafasi zilikuwepo. Magwitch alipokwisha kufa na fedha zote kupotea, Pip aliugua homa kali, akiwa na deni la sonara la zaidi ya pauni 123. Alipopata fahamu, aliyekuwa kando ya kitanda ni Joe. Alikuwa amemuuguza muda wote, na kwa kuwa Biddy, yule msichana wa kwao, alikuwa amemfundisha kuandika, alikaa pale akiandika barua kwa shida, kalamu mkononi kama nyundo. Pip alimwomba amkasirikie, ampige hata, asimfanyie wema namna ile. Joe akaegemeza kichwa chake kwenye mto wa mgonjwa.

Wakakaa majuma. Siku moja Joe mwenyewe akaligusa jambo hilo kwa mbali, akasema baina ya marafiki kuna mambo yasiyo ya lazima kuzungumzwa. Jumapili wakaenda matembezi mashambani. Pip akaazimia kwamba Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, atamfungulia Joe moyo wake: mali imekwisha, na analo kusudi la kumwoa Biddy. Jumatatu akaamka mapema, akaenda chumbani kwa Joe. Kitanda kitupu. Joe ameondoka, ameacha kikaratasi cha kumtakia heri na stakabadhi ya deni. Amelilipa lote.

Baada ya siku chache Pip akamfuata kijijini, akakuta siku hiyo hiyo Joe amemwoa Biddy. Hapo ndipo anapoomba msamaha. Anawaambia wote wawili wamsamehe, naye Joe anamjibu kwamba Mungu anajua amemsamehe, kama kuna la kusamehe. Nilikuwa nalia mahali hapo nilipokuwa kijana. Safari hii nimeona maneno yenyewe. Anawaomba kwamba wakipata mtoto wasimwambie kuwa Pip hakuwa na shukrani, kuwa Pip alikuwa mbinafsi. Anaomba msamaha wa jumla, na papo hapo anaomba habari zisifike mbali. Kisha anakaa chini na kuandika kitabu kizima, anatuambia sisi tusiomjua, kila kitu. Sisi tunajua habari ya tupa. Joe hajui.

Wapo wataalamu wanaomkamata Pip mahali pengine, na wahubiri tunapenda kulichukua hilo kwa sababu limo ndani ya Injili. Magwitch anapokufa katika hospitali ya gereza, amehukumiwa kunyongwa, Pip yuko naye ameushika mkono wake. Anamnong'oneza kwamba binti yake aliyedhani amekufa yu hai, na kwamba yeye Pip anampenda. Halafu anawakumbuka wale watu wawili waliopanda Hekaluni kusali, Mfarisayo na mtoza ushuru, Luka 18. Ndipo anaomba sala ya mtoza ushuru, lakini kwa badiliko moja. Mtoza ushuru alijitaja mwenyewe kuwa mwenye dhambi. Pip anamtaja mwenzake. Mahali pa "mimi" ameweka "yeye". Wakosoaji wakasema: mnaona? Hata hapo bado ni Mfarisayo, anamwona mwenye dhambi kuwa ni huyu anayekufa.

Mimi simhukumu kwa hilo. Nimekaa kando ya vitanda vya wagonjwa mara nyingi, na nimeomba na familia usiku wa manane. Mtu anapokata roho mikononi mwako, huanzi kujitaja wewe. Unamwombea yeye. Aliyemwita Pip Mfarisayo kwa neno lile moja, nadhani hajawahi kulishika shuka la mgonjwa likiwa limelowa jasho. Na wasomaji wanaomlaumu kwamba alituficha kwa sura nyingi jina la mfadhili wake nao wanakosea. Yeye mwenyewe hakulijua wakati huo, anatupitisha njia aliyoipita.

Hoja ya yule binti ni nzito kuliko hizo. Anauliza ukweli wa Pip ulikwenda kwa nani.

Ndugu msomaji, sisi ni watu wa ushuhuda. Sijui kama kuna mahali penye wasimulizi wengi kama kanisani. Kila wiki mtu anapewa kipaza sauti, anaeleza alikotoka. Mimi siungi mkono wale wanaodharau ushuhuda. Nimeona watu wakiinuka kutoka mavumbini kwa kusikia habari ya mwenzao. Lakini tumezoea kuupima kwa machozi. Msimulizi akilia na sisi tukilia, tunasema huyu amefunguka. Hatuulizi kama mke aliyepigwa yumo kanisani, na kama yumo, je, habari hii ameisikia nyumbani kwanza, au anaisikia leo pamoja na wageni. Hatuulizi kama aliyedhulumiwa kiwanja anajua kwamba aliyemdhulumu sasa ni mtu wa kushuhudia.

Daudi alikuwa hakimu hodari wa mtu wa kwenye hadithi. Nathani alipomletea habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, alihukumu upesi, hukumu ya kifo, na malipo mara nne juu yake. Alipoambiwa mtu huyo ni yeye, alitubu kweli, na Zaburi ya 51 tunaiimba mpaka leo. Humo anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Nimewahi kusumbuka sana na mstari huo. Vipi kuhusu Uria? Wanatheolojia wana majibu yao mazuri, na ninayakubali. Lakini jibu rahisi kuliko yote ni kwamba Uria alikuwa amekwisha zikwa. Daudi hakuwa na mlango wa kugonga. Zakayo alikuwa nao, ndiyo maana toba yake ina hesabu ndani yake. Na Bwana, katika Mathayo 5, aliweka utaratibu ambao sisi tumeugeuza: sadaka iachwe pale pale madhabahuni, mtu aende kwanza kwa ndugu yake, ndipo arudi. Hakusema aitoe sadaka kwa machozi halafu ataona.

Nimetaka sana kumtetea Pip. Mtu anaweza kusema Joe mwenyewe hakutaka kusikia, kwamba mapenzi yake yalikuwa yamekwisha funika yote, kwamba kumwambia kungekuwa kumpa mzigo mzee wa watu ili Pip apate nafuu. Kuna ukweli hapo. Zipo toba zinazofanywa kwa faida ya anayetubu tu, zikamwacha mwenzake na jeraha jipya. Lakini Joe aliyemsamehe mwizi asiyemjua, siku ya Krismasi, penye baridi, huyo angeshindwa na tupa? Pip alimjua Joe vizuri kuliko hivyo. Hukumu yangu, kama mwalimu wa zamani, ni kwamba kwetu sisi Pip ni mkweli kabisa, na kwa Joe alibaki mwoga mpaka mwisho. Ukweli wake alitupa sisi kwa sababu kwetu haukumgharimu kitu. Sisi tungemfanya nini?

Ningeishia hapo kama ningekuwa naandika kazi ya chuo.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya mjini. Aliyenisomesha ni kaka yangu mkubwa, fundi baiskeli, chini ya mwembe karibu na mnada wa kwetu. Ada, sanduku la bati, sare, vyote vilitoka kwenye viraka vya matairi ya watu. Siku moja alinitembelea bila taarifa, akaja moja kwa moja mpaka chumba cha walimu, na gunia la maharage begani, katambuga miguuni, mikono ina grisi isiyotoka tena. Walimu wenzangu wakageuka. Mmoja akaniuliza ni nani. Nikasema, "Mtu wa kwetu, ameniletea mzigo." Kaka alisikia. Akatua gunia, akasema, "Ndiyo, nimeleta mzigo tu." Akanywa chai kwangu jioni, akaongea habari za mvua, akalala, na alfajiri akaenda stendi.

Habari hiyo nimeitoa kanisani mara tatu. Mara ya kwanza niliitoa kwa uchungu, katika somo la kiburi cha usomi. Watu walisema Amina, mama mmoja alifuta machozi. Mara ya pili iliniwia rahisi zaidi. Mara ya tatu, katika semina ya akina baba, niligundua nimeongeza kichekesho juu ya zile katambuga, na watu wakacheka mahali nilipotaka wacheke. Na sasa nimekuandikia wewe, ndugu msomaji, hiyo ni ya nne. Kaka yangu hasomi gazeti. Macho yamemwishia.

Ijumaa nilimpigia simu. Shemeji akamshikia. "Shikamoo kaka," nikasema. Akaitikia, akauliza hali ya watoto, akanieleza habari ya mbuzi aliyeibiwa na kurudishwa, na bati moja linalovuja juu ya kitanda chake. Nikamwambia nina jambo nataka tuongee. Akasema, "Sema basi, mdogo wangu." Nikasema ni la kuongea uso kwa uso, nitakuja. Nilipokata simu mke wangu alikuwa ananitazama. Akaniuliza kama Pip naye hakusema Jumatatu.

Binti wa kwaya nimemjibu. Nimemwambia swali lake ni bora kuliko jibu langu la mlangoni, aandike hilo hilo, na atumie sura ya karakana na ile ya pingu. Kazi yake inakusanywa Ijumaa. Basi langu ni la Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi.